Nani Aandae, Nani Aidhinishe? Maswali Yenu Kuhusu Ruhusa za Benki Mtandaoni

Barua nyingi tulizopokea zinaanzia mahali pamoja: kampuni imejiunga na huduma ya benki kwa mtandao, kisha mtu mmoja akakabidhiwa nywila na kuambiwa, "Haya, wapange watumiaji." Majina ya vitufe hutofautiana kati ya benki na benki, ila mpangilio wa ndani ni ule ule. Mtumiaji hupewa profaili, profaili hubeba ruhusa, na kila ruhusa hufungwa kwenye akaunti fulani, aina fulani ya malipo na kikomo fulani cha fedha. Karibu kila kero mliyotuandikia imejificha katika mojawapo ya vifungo hivyo.

Habari za kazi, wahariri. Ofisini tuko wanne: mkurugenzi, meneja, mimi na karani wangu. Mkurugenzi husafiri sana, kwa hiyo ameagiza mimi nipewe ruhusa zote ili kazi zisikwame. Moyo wangu unasita. Nimweleze nini, na tujipange vipi?
*Mhasibu, kampuni ya usambazaji*

Ndugu mhasibu, una haki ya kusita. Ukibeba ruhusa zote, siku fedha zikitoka kwa njia ya wizi, hata kama mwizi ni mtu wa mbali aliyenasa nywila yako, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina moja tangu malipo yalipoandaliwa mpaka yalipoondoka. Jina hilo ni lako. Mwambie mkurugenzi hivyo hivyo, kwa sababu mgawanyo wa kazi humlinda mwenye mali na humlinda mhasibu pia.

Mnapoketi kupanga, msianze na vyeo. Anzeni na vitendo. Vipo vinne ambavyo havifai kukutana mkononi mwa mtu mmoja: kusajili mpokeaji mpya, kuandaa malipo, kuidhinisha malipo, na kusimamia watumiaji. Ofisi nyingi hutenganisha cha pili na cha tatu tu, zikadhani zimemaliza. Mlango unaoachwa wazi ni ule wa nne. Msimamizi mwenye uwezo wa kufungua mtumiaji mpya peke yake anaweza kujitengenezea "mtu wa pili", akampa ruhusa ya kuidhinisha, kisha akaandaa malipo kwa jina lake na kuyapitisha kwa jina hilo la bandia. Mfumo utaona watu wawili. Kwa hiyo fomu ya benki ikiuliza mnataka usimamizi wa mtu mmoja au wawili, wekeni alama kwenye wawili: mmoja huingiza badiliko, mwingine hulithibitisha, na hadi athibitishe badiliko halifanyi kazi.

Kwa watu wanne tungepanga namna hii. Karani asajili wapokeaji, apakie mafaili na kuandaa malipo. Wewe ukague hatua ya kwanza, yaani ulinganishe malipo na ankara, bila nguvu ya kuyatoa. Meneja aidhinishe hadi kiwango mtakachokubaliana, na juu ya hapo meneja na mkurugenzi waidhinishe pamoja. Kwenye usimamizi wa watumiaji, wewe uingize mabadiliko na mkurugenzi athibitishe. Ndiyo, hapo wewe na karani mtakuwa na kofia mbili mbili. Katika ofisi ndogo hilo haliepukiki, na halina ubaya mradi kila kofia inahitaji mkono wa mtu mwingine ili ifanye kazi. Kipimo ni hiki: chukua jina moja moja, uulize kama mtu huyo, akiwa peke yake usiku, anaweza kuanzisha malipo kwa mpokeaji mpya na kuyamaliza. Jibu likiwa ndiyo hata kwa jina moja, rudini mezani.

Safari za mkurugenzi zina dawa nyingine. Benki nyingi huruhusu kuidhinisha kwa simu, na tokeni yake, yaani kifaa kidogo kinachotoa namba za siri za kuidhinishia, anaweza kuisafirisha. Tena mnaweza kumweka mwidhinishaji mbadala mwenye kikomo kidogo. Ila hakikisheni mfumo unaafikiana na karatasi: kama azimio la bodi mlilowapa benki linasema saini mbili, profaili zenu nazo lazima zidai waidhinishaji wawili. Kubadili kikomo kwenye skrini hakubadili azimio, na mgogoro ukitokea azimio ndilo litakalosomwa kwanza.

Kama mkurugenzi anataka ushahidi, mkumbusheni benki ya Barings ya Uingereza. Ilianguka mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827. Mfanyakazi wake aliyekuwa Singapore, Nick Leeson, alikuwa akifanya biashara za soko, na papo hapo akisimamia ofisi iliyopaswa kuhakiki na kulipia biashara hizo hizo. Alificha hasara katika akaunti moja kwa muda mrefu kwa sababu hakuwepo mwingine wa kuitazama.

Profaili yangu inaniruhusu kuidhinisha hadi milioni 10. Malipo ya milioni 6 yanagoma: "Umezidi kikomo." Nikipiga simu benki wananiambia profaili iko sawa. Wiki iliyopita kiasi kama hicho kilipita bila shida. Nini hiki?
*Meneja wa fedha*

Benki wamekuambia kweli, ila wamekuonyesha tabaka moja tu. Vikomo hupangwa kwa tabaka: kipo cha benki kwa kila aina ya malipo, cha kampuni nzima kwa siku, cha profaili, cha mtumiaji binafsi, na mara nyingine cha akaunti yenyewe. Malipo lazima yapenye yote, na kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala.

Chukua mfano wako. Profaili ni milioni 10, kikomo chako binafsi ni milioni 10, na kampuni ina milioni 20 kwa siku. Asubuhi wenzako wamelipa wauzaji milioni 15. Zimebaki 5. Ukileta 6 saa nane mchana, mfumo unakataa, ungeleta 4.9 zingepita. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika saa kamili uliyokataliwa na maneno yaliyotokea, kisha ujaribu kiasi kile kile kesho kabla ya malipo mengine kuanza. Yakipita asubuhi, tatizo ni kikomo cha siku. Yakigoma hata asubuhi, tazama kikomo cha aina ya malipo, kwa kuwa malipo ya papo kwa papo mara nyingi hupewa dari ya chini kuliko uhamisho wa kawaida. Ulizeni pia kama mfumo wenu huhesabu malipo tangu yanapoandaliwa au mpaka yaidhinishwe. Mfumo unapohesabu tangu kuandaliwa, malipo yaliyosahaulika kwenye foleni hula kikomo cha siku bila senti kuondoka, yafuteni.

Ujumbe ukiwa "Huna mamlaka" badala ya "Umezidi kikomo", usipoteze muda kwenye vikomo. Angalia kama akaunti hiyo imeunganishwa na jina lako, kwa maana profaili inaweza kuwa na ruhusa ya kuidhinisha na akaunti isiwemo kwenye orodha yako. Angalia kama wewe ndiye uliyeandaa au kuhariri malipo hayo, hata kwa kusahihisha herufi moja ya maelezo. Mfumo uliofungwa vizuri haukuruhusu kuidhinisha ulichokigusa. Halafu angalia kama badiliko lililokupa ruhusa bado linasubiri msimamizi wa pili. Likishathibitishwa, toka kabisa kwenye mfumo na uingie upya, kwani ruhusa nyingi husomwa mara moja tu, wakati wa kuingia.

Tumeweka ngazi: 0 hadi 1,000,000 mwidhinishaji mmoja, 1,000,001 hadi 5,000,000 wawili. Ankara ya 1,000,000.50 imekwama siku mbili, na hakuna anayeiona kwenye foleni yake.
*Karani wa malipo*

Imeangukia kwenye ufa. Kati ya 1,000,000 na 1,000,001 mmeacha senti 99 zisizo na mwenyewe. Ngazi ya pili ianze 1,000,000.01. Mkiwa hapo hapo, tazameni juu: kipi kitatokea kwa 5,000,001? Kama hakuna ngazi, malipo hayo nayo yatakosa mwidhinishaji, na mtagundua siku mnayonunua kitu kikubwa kwa haraka.

Ngazi zina udhaifu mwingine ambao hatuna budi kuusema. Malipo ya 2,700,000 yanaweza kukatwa vipande vitatu vya 900,000, na kila kipande kikapita kwa mwidhinishaji mmoja. Kinga yake ni kumwekea mwidhinishaji kikomo cha jumla kwa siku pamoja na kile cha muamala mmoja. Na mkipakia faili la malipo mengi, ulizeni benki swali hili moja kwa maandishi: ngazi inapimwa kwa jumla ya faili au kwa kila mstari? Faili lenye mistari 60 ya 400,000 ni milioni 24. Likipimwa kwa mstari, mtu mmoja analitoa lote.

Mkiandika "wawili wowote", kumbukeni makarani wawili wakuu wanaokaa meza moja nao ni wawili wowote. Wagaweni waidhinishaji kwenye makundi, A na B, kisha mdai mmoja wa A na mmoja wa B.

Karani wetu mpya anaandaa malipo ya wauzaji tu, na tumemwondolea ruhusa ya mishahara. Juzi nimemsikia akitaja mshahara wa fundi mkuu. Amepenya wapi?
*Ofisa rasilimali watu*

Inaelekea hakupenya popote. Alisoma taarifa ya akaunti. Kumwondolea mtu ruhusa ya kuandaa mishahara humzuia kuunda faili la mishahara, lakini kama anaona akaunti inayolipa mishahara hiyo, na benki inaandika kila mfanyakazi kwa mstari wake, majina na kiasi vyote viko mbele yake.

Dawa ya kwanza ni kuiomba benki iandike mishahara kama mstari mmoja wa jumla. Benki nyingi zina chaguo hilo, wakati mwingine kwa fomu. Dawa yenye nguvu zaidi ni akaunti ya pekee ya mishahara: mnahamishia jumla ya mwezi, mishahara inatoka huko, na karani wa wauzaji haioni akaunti hiyo kabisa. Baada ya hapo zibeni matundu madogo. Ruhusa ya "ripoti" mara nyingi hutolewa kwa jumla na huleta ripoti za akaunti zote. Historia ya mafaili yaliyopakiwa huweza kufunguliwa na yeyote mwenye ruhusa ya kupakia. Arifa za barua pepe zinaweza kuwa zinakwenda kwenye anwani ya idara inayosomwa na watu sita. Na lile faili la mishahara lenyewe, limehifadhiwa wapi kwenye kompyuta za ofisi? Profaili ya benki haiwezi kulinda karatasi iliyoachwa kwenye folda ya wote.

Kisha ingieni kwa jina la karani, yeye akiwa amekaa kwenye kiti, mkatazame pamoja kila menyu anayoiona. Skrini yake itawafunza zaidi ya orodha yoyote ya ruhusa.

Mkaguzi wa nje anataka kuingia wiki tatu. Nimpe profaili ya mhasibu?
*Mhasibu msaidizi*

Hapana. Nakili profaili ya kutazama tu, iondolee wapokeaji, violezo vya malipo na mipangilio, ifunge kwenye akaunti zinazokaguliwa, uweke tarehe ya mwisho. Mfumo usiokubali tarehe ya mwisho, andika kwenye kalenda ya wasimamizi wote wawili. Mara nyingi hata hilo halihitajiki: taarifa za akaunti zinazotoka benki moja kwa moja zina uzito zaidi kwa mkaguzi kuliko zile alizojipakulia ofisini kwenu.

Mwidhinishaji wetu mmoja ameacha kazi Ijumaa. Jumatatu tumemfuta kwenye mfumo, na malipo 14 yamegoma. Wakati huo huo bosi, akienda likizo, humwachia katibu wake tokeni na nywila. Naomba mwongozo wa yote mawili.
*Msimamizi wa mfumo, kampuni ya ujenzi*

Tuanze na malipo 14. Malipo yaliyoandaliwa hushika masharti yaliyokuwepo saa ile, kwa hiyo katika mifumo mingi yanaendelea kumsubiri mtu ambaye hayupo tena. Kuongeza mwidhinishaji mpya hakutoshi kuyafungua. Yakataeni au yafuteni, kisha yaandaliwe upya chini ya mpangilio mpya. Kabla ya kuandaa, hakikisheni hakuna hata moja lililokwisha kutoka, msije mkalipa mara mbili.

Siku nyingine mtu anapoondoka, fuateni mfuatano huu, na ufanyike saa ile ile anapokabidhi, si Jumatatu. Kwanza mfungieni asiweze kuingia, msimfute. Kufuta katika baadhi ya mifumo huondoa jina lake kwenye ripoti za zamani, nanyi mtahitaji kujua nani aliidhinisha nini. Pili, pokeeni tokeni na mwombe benki kuifunga kwa namba yake ya mfululizo. Tatu, tazameni foleni yake na malipo ya tarehe za mbele aliyoyapanga, maana agizo la kulipa kila mwezi huendelea hata aliyeliweka akiwa ameondoka. Nne, kama alikuwa msimamizi, badilisheni jina lake kwenye barua ya mamlaka benki, kwa sababu mtu ambaye bado yumo kwenye barua anaweza kupiga simu na kuomba kufunguliwa. Tano, angalieni kama programu ya uhasibu imeunganishwa na benki kwa kutumia jina lake. Hapa wengi huumia: wanamfungia mtu, na usiku taarifa za akaunti zinaacha kuingia kwenye hesabu. Muunganisho uwe na mtumiaji wake wa kiufundi, yaani jina la programu lisilo la mtu yeyote, asiye na ruhusa ya kuidhinisha.

Sasa tokeni ya bosi. Tunalisema hili kwa uzito: tokeni ikikaa kwa katibu, hamna waidhinishaji wawili tena, mna mmoja mwenye majina mawili. Masharti ya huduma za benki hukataza kushirikiana nywila, na hasara ikitokea benki itaanzia hapo hapo kukana madai yenu. Njia halali ni kukaimisha. Msimamizi mmoja anaingiza kaimu, kutoka tarehe ya kwanza ya likizo hadi siku ya kurudi, akiwa na kikomo chake mwenyewe. Msimamizi wa pili anathibitisha. Kaimu anatumia tokeni yake. Fanyeni hivyo siku tatu au nne kabla ya safari, mjaribu kwa malipo madogo bosi akiwa bado ofisini. Usajili wa tokeni mpya huweza kuhitaji kitambulisho na saini, na ndege haisubiri.

Kwa wanaopokea namba ya mara moja kwa ujumbe wa simu: namba ya simu inaweza kutekwa, mwizi akiifanya ihamishiwe kwenye laini yake. Waidhinishaji wa kiasi kikubwa watumie tokeni au programu iliyofungwa kwenye simu yao.

Tumeongeza mwidhinishaji wa tatu. Je, sasa tumetulia?
*Mkurugenzi*

Mheshimiwa, idadi peke yake haitoshi. Agosti 2020 benki ya Citibank ya Marekani ilikusudia kulipa riba ya takriban dola milioni 7.8 kwa waliokuwa wamekopesha kampuni ya vipodozi ya Revlon. Ikapeleka karibu dola milioni 900. Malipo yalipita mikononi mwa watu watatu. Mfumo ulitaka sehemu tatu zijazwe ili itoke riba tu, na fedha za deni lenyewe zisitoke nje. Ilijazwa moja, na wote watatu waliitazama skrini ile ile wakaamini iko sawa.

Kinachosaidia ni kila mtu kukagua kitu tofauti. Wa kwanza alinganishe kiasi na ankara. Wa pili alinganishe namba ya akaunti ya mpokeaji na ile iliyomo kwenye mkataba, asitazame ile ya kwenye ankara, kwa sababu ankara ndiyo inayoghushiwa. Wa tatu atazame jumla na akaunti ambayo fedha zinatoka. Yaandikwe kwenye kadi ndogo kando ya kila kompyuta. Na mpokeaji anapobadili akaunti kwa barua pepe, badiliko liidhinishwe na mtu asiyeyaandaa malipo hayo, baada ya kumpigia mpokeaji kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani. Namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo msiipige.

Tupitie ruhusa mara ngapi, na tunapitiaje bila kupoteza siku nzima?
*Mhasibu mkuu*

Kila miezi mitatu, na papo hapo mtu anapohama idara. Anayehama ni hatari kuliko anayeondoka, kwani hupewa ruhusa mpya na zile za zamani zikabaki. Baada ya uhamisho wa mara mbili unakuta mtu mmoja anaandaa na kuidhinisha bila yeyote kukusudia.

Pakua ripoti ya watumiaji na ruhusa zao, na ripoti ya mara ya mwisho kila mmoja kuingia. Panga kwa tarehe. Asiyeingia siku 90, mfungie kwanza, maelezo yafuate. Kisha linganisha majina na orodha ya mishahara ya mwezi huu. Jina lililo benki na halimo kwenye mishahara, na si mkurugenzi wala mkaguzi, lisiachwe mpaka lijulikane ni la nani. Halafu chuja ruhusa ya "kuidhinisha" na ruhusa ya "kuandaa" kwenye jedwali moja, utafute majina yanayojirudia. Mwisho, soma kumbukumbu za mabadiliko ya usimamizi peke yake: nani aliongeza kikomo, nani alithibitisha, saa ngapi. Kikomo kilichopandishwa saa tatu usiku na kurudishwa saa nne hakionekani popote kwenye orodha ya leo. Kinaonekana kwenye kumbukumbu hizo tu. Orodha iliyopitiwa isainiwe na mtu asiye msimamizi wa mfumo, kisha ihifadhiwe pamoja na usuluhishi wa akaunti wa mwezi huo, yaani ule ulinganisho wa vitabu vyenu na taarifa ya benki.